Pumu ya mzio na unene: mafuta ya mwili yanahusikaje na kifua kinachobana?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 38 na ninaishi Dar es Salaam. Pumu ninayo tangu nikiwa darasa la tatu, na nilipopimwa ngozi niliambiwa nina mzio wa vumbi la nyumbani na mende. Kwa miaka mingi ilikuwa imetulia. Tangu nijifungue mtoto wa pili nimeongezeka kutoka kilo 62 hadi kilo 91, na urefu wangu ni sentimita 160. Sasa ninabanwa karibu kila siku, na pampu ya bluu inaisha kabla ya mwezi kwisha. Mwaka huu nimeshapewa vidonge vya prednisolone mara tatu. Daktari mmoja amenishauri nipunguze uzito. Mwingine akasema mzio ni mzio tu, uzito hauhusiki. Naomba unieleze, mafuta ya mwilini yanahusikaje na mzio? Na nikipungua, pumu itaisha?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Madaktari wako hawajapingana kwa kiasi unachodhani, bali kila mmoja ameshika upande wake wa jambo lilelile. Ni kweli kwamba mzio wako haukuletwa na unene, kwa kuwa ulikuwa nao tangu utotoni. Ni kweli vilevile kwamba pumu uliyo nayo leo si ileile uliyokuwa nayo ulipokuwa na kilo 62. Uzito umeongeza mambo mawili juu ya mzio uliokuwapo: umeleta inflamesheni ya aina nyingine ambayo chanzo chake kiko nje ya mapafu, na umeyapunguzia mapafu yenyewe nafasi ya kutanuka. Ukitibiwa mzio peke yake, sehemu ya ugonjwa itabaki haijaguswa. Ukiambiwa upungue tu, mzio ukaachwa bila dawa, hapo napo utakuwa hukutendewa haki.

Kwanza tuuweke uzito wako katika kipimo. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwako ni 91 kugawanya kwa 2.56, yaani 35.5. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi na 30 kuwa mwanzo wa unene uliokithiri, na wewe zamani ulikuwa na 24. Kipimo hicho, hata hivyo, hakielezi mafuta yamekaa wapi, na kwa mgonjwa wa pumu mafuta ya tumboni yana madhara zaidi kuliko ya nyonga na mapaja. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno: kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 ni dalili kwamba mafuta mengi yamekaa ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yenye vurugu zaidi.

Ninapotumia neno inflamesheni nina maana ya mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya kitu inachokiona kuwa hatari: mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji huvujia kwenye tishu, seli za kinga hukusanyika mahali hapo na kumwaga kemikali zao, na tishu huvimba. Katika pumu ya mzio, hatari yenyewe haipo. Kilichopo ni protini zinazotokana na kinyesi cha utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho anayestawi kwenye magodoro na mito katika hewa yenye unyevu kama ya pwani yetu, pamoja na protini za mende. Kingamwili za aina ya IgE zilizokaa juu ya seli za kinga ziitwazo seli za masti katika kuta za njia za hewa huzinasa protini hizo, na ndani ya dakika chache seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine zinazokaza misuli ya njia za hewa. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, lenye seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo huitwa na kudumishwa na kemikali za kinga zinazojulikana kama IL-4, IL-5 na IL-13. Hilo ndilo linalovimbisha utando kwa siku nyingi, likaongeza makohozi mazito na kuufanya mfereji wa hewa uwe mwepesi wa kubana kwa kitu kidogo tu, kama moshi wa mkaa au harufu ya rangi. Inflamesheni ya namna hii ndiyo dawa za steroidi za kuvuta huituliza vizuri sana.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kwa muda mrefu tishu ya mafuta ilichukuliwa kuwa ghala la nishati na basi. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutengeneza TNF-alfa, kemikali ambayo kinga hutumia kuwasha inflamesheni. Mwaka uliofuata kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, likagundua leptini, homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Kisha mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yakaonyesha kwamba mafuta ya mtu mnene yamejaa makrofaji, yaani seli kubwa za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Katika tishu ya mafuta ya mtu mwembamba, makrofaji huwa chini ya asilimia 10 ya seli zote. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri zinaweza kukaribia asilimia 40.

Sababu ya makrofaji kukusanyika huko inaeleweka ukitazama seli moja ya mafuta chini ya darubini. Mtu anapoongezeka uzito, seli hiyo hujaa na kutanuka kupita uwezo wa mishipa midogo ya damu inayoilisha, oksijeni ikaipungukia, na baadhi ya seli zikafa. Makrofaji hujipanga kuizunguka ile iliyokufa kama taji, zikila mafuta yaliyomwagika, na wakati huohuo zikitoa TNF-alfa, IL-6 na kemikali nyingine za jamii hiyo, ambazo huingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Leptini nayo hupanda kwa kadiri mafuta yalivyo mengi, ilhali adiponektini, homoni nyingine ya seli za mafuta ambayo kazi yake mojawapo ni kutuliza inflamesheni, hushuka. Haya hayaleti homa wala maumivu. Ni makaa yaliyofunikwa na majivu: mtu anaishi nayo miaka, na dalili pekee inayoweza kuonekana maabara ni protini ya damu iitwayo CRP kuwa juu kidogo kuliko kawaida.

Ulichouliza hasa ni namna hali hizi mbili zinavyokutana katika mapafu. Damu yote ya mwili hupita kwenye mapafu kila inapozunguka, kwa hiyo kinachomwagwa na mafuta ya tumboni hakichelewi kufika huko. Leptini na IL-6 huyasukuma mapafu kuelekea aina nyingine ya mwitikio, ambao seli zake kuu si eosinofili bali ni nyutrofili, seli nyeupe za damu za aina nyingine, na ambao kemikali yake mojawapo kuu ni IL-17. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kwamba wagonjwa wa pumu wenye IL-6 nyingi katika damu, wengi wao wakiwa wanene, walikuwa na pumu kali zaidi na mashambulizi mengi zaidi kuliko wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka California ulikwenda hatua moja mbele, ingawa ulihusu panya na mzio wa ngozi: panya wembamba walikuwa na mwitikio wa kawaida wa mzio, ilhali panya wanene waliopewa kichochezi hichohicho walikuwa na mwitikio ulioelemea upande wa IL-17, na dawa inayozuia IL-4 na IL-13, iliyowasaidia wembamba, iliwazidishia wanene ugonjwa. Panya si binadamu, na ngozi si pafu, lakini utafiti huo unaonyesha jambo ambalo sisi wa kliniki tumekuwa tukiliona bila kuwa na maelezo yake, kwamba mzio wa mtu mnene unaweza kubadilika tabia na kuacha kusikia dawa uliyokuwa ukiisikia.

Steroidi ni mfano wa karibu zaidi. Watafiti wa Denver walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuziweka seli za damu na za mapafu za wagonjwa wa pumu pamoja na steroidi iitwayo deksamethasone katika maabara. Seli za wagonjwa wenye uzito uliozidi ziliitikia dawa hiyo kwa udhaifu kuliko seli za wagonjwa wembamba. Hii ndiyo sababu moja inayomfanya mgonjwa kama wewe atumie kipimo kilekile cha dawa ya kuvuta kilichokuwa kikimtosha zamani, asipate nafuu ileile, kisha aambiwe kwamba hatumii dawa. Mara nyingine kweli hatumii, na hilo nitalirudia. Lakini si kila mara.

Kipimo cha eosinofili nacho kinaweza kupotosha. Kundi la Leicester, Uingereza, lilionyesha mwaka 2013 kwamba wagonjwa wanene wenye pumu kali hawakuwa na eosinofili nyingi kwenye makohozi, lakini vipande vidogo vya utando wa njia za hewa vilipokatwa na kutazamwa, seli hizo zilikuwa zimejaa chini ya utando, na IL-5 ilikuwa juu. Kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa eosinofili zako ni za kawaida, usikubali haraka kwamba mzio umekwisha na kilichobaki ni unene.

Pumu za watu wanene zenyewe si za namna moja. Kuna watu, wengi wao wanawake, ambao hawakuwa na pumu utotoni. Imewaanza ukubwani, baada ya uzito kupanda, na ukiwapima IgE huikuti juu wala mzio wowote huuoni. Hao ugonjwa wao unaelekea kuwa zao la unene wenyewe. Kundi la pili ni la walioanza na pumu ya mzio wakiwa watoto, kisha unene ukaja juu yake. Wewe uko kwenye kundi hili la pili, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua jibu la swali lako la mwisho.

Kabla ya kufika huko, kuna suala la nafasi, ambalo hata baadhi ya wataalamu hulipita upesi. Ukiwa umetoa pumzi kwa utulivu, bila kujilazimisha, mapafu yako bado hubaki na hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozishikilia njia ndogo zisifunge. Mafuta ya tumboni hukisukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na yale ya kifuani huzilemea mbavu, kwa hiyo kiasi hicho cha hewa hupungua, na mtu anapumua muda wote akiwa na mapafu yaliyonywea kuliko yanavyotakiwa. Matokeo yake ni mawili. Njia ndogo za hewa zilizo chini ya mapafu huwa nyembamba na nyingine hufunga kabisa mwishoni mwa kila pumzi. Pia misuli inayozizunguka, kwa kuwa haivutwi na pumzi ndefu mara kwa mara, huzoea kuwa mifupi na migumu, na inapopata kichochezi hukaza kwa nguvu zaidi. Hili unaweza kulihisi mwenyewe: lala chali bila mto, kisha kaa wima, ulinganishe. Wagonjwa wengi wenye tumbo kubwa huniambia usiku wanalala wameegemea mito mitatu, nao hudhani ni pumu peke yake inayowaketisha.

Hapa pia kuna mtego wa utambuzi. Kuhema unapopanda ngazi kunaweza kuwa ni mwili kubeba kilo 29 za ziada na si misuli ya njia za hewa kukaza. Ikiwa ni hivyo, pampu ya bluu haitasaidia, nawe utaongeza midonyoo, yaani mibonyezo ya pampu, moyo utadunda, mikono itatetemeka, na pumzi itabaki palepale. Kinachotenganisha ni spirometri, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine kabla na baada ya kuvuta salbutamol, yaani dawa iliyo kwenye pampu ya bluu. Iwapo njia za hewa zimebana, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza huwa ndogo ikilinganishwa na jumla ya hewa yote, na huongezeka baada ya dawa. Iwapo tatizo ni mapafu kukosa nafasi, vyote viwili hupungua kwa pamoja na uwiano wake hubaki wa kawaida. Watafiti wa Kanada waliwapima upya watu waliokuwa wameambiwa na madaktari kuwa wana pumu, na karibu theluthi moja hawakuwa nayo. Na kosa hilo lilitokea kwa wanene na kwa wembamba karibu sawasawa. Kwako sitilii shaka kwamba pumu ipo, ila ni lazima ijulikane ni kiasi gani cha kuhema kwako kinatokana nayo.

Labda utauliza kama si pumu ndiyo inayonenepesha, kwa kuwa mtu anayebanwa hukwepa mazoezi. Hoja hiyo ni halali, na ndiyo maana tafiti zenye uzito ni zile zilizowafuata watu wasio na pumu tangu mwanzo. Mwaka 2007 zilikusanywa tafiti 7 za aina hiyo, zenye watu 333,102 kwa jumla, na ikaonekana kwamba uwezekano wa kupata pumu ndani ya mwaka mmoja kwa watu wenye uzito uliozidi au unene ulikuwa juu kwa takriban nusu kuliko kwa wenye uzito wa kawaida, na ulipanda kadiri uzito ulivyopanda. Kwa hiyo unene hutangulia. Lakini mzunguko wa kinyume nao upo, na kwako nauona waziwazi katika prednisolone, ambayo ni steroidi ya kumeza.

Vidonge hivyo huokoa maisha wakati wa shambulio, na siku ukivihitaji usivikatae. Tatizo ni kuvihitaji mara tatu ndani ya mwaka. Huongeza hamu ya kula, huhifadhi maji na chumvi mwilini, hupandisha sukari, na vikirudiwarudiwa hupeleka mafuta tumboni na usoni. Mgonjwa hunenepa, pumu huwa ngumu zaidi, anapewa vidonge tena. Ajabu ni kwamba wagonjwa wengi wanaovikubali vidonge hivyo huikataa pampu ya steroidi kwa kuogopa kwamba itawanenepesha. Tazama hesabu. Vidonge 8 vya miligramu 5 kwa siku ni miligramu 40, yaani mikrogramu 40,000, ambazo zote hupita kwenye damu. Pampu ya beclometasone yenye jumla ya mikrogramu 400 kwa siku ni sehemu moja ya mia ya kiasi hicho, na dawa hupelekwa moja kwa moja pale inapotakiwa, kwenye mapafu.

Nalisema hili kwa sababu katika barua yako yote hukuitaja pampu ya kukinga hata mara moja. Umetaja ya bluu tu. Pampu ya salbutamol huwa na midonyoo 200. Ikiisha kabla ya mwezi, unatumia wastani wa midonyoo 6 au 7 kila siku. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unahesabu pampu 3 kwa mwaka kuwa tayari ni dalili ya hatari ya shambulio, na pampu 12 kwa mwaka zimehusishwa na hatari ya kifo. Tangu mwaka 2019 mwongozo huo haupendekezi tena mtu mzima yeyote mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake, kwa kuwa dawa hiyo hulegeza misuli kwa saa chache bila kuigusa inflamesheni iliyo chini yake. Kwa hiyo kabla ya kilo hata moja kupungua, jambo la kwanza ni steroidi ya kuvuta kila siku. Nzuri zaidi ni ile iliyochanganywa na formoterol, dawa ya kutanua njia za hewa, ndani ya pampu moja, ambayo unaweza kuitumia ya kukinga na ya dharura vilevile. Kama bei au upatikanaji wake ni kikwazo, beclometasone ya kila siku pamoja na ile ya bluu ni bora zaidi kuliko ya bluu peke yake.

Namna ya kuvuta pia ihakikiwe. Wengi hubonyeza pampu kisha ndipo wakaanza kuvuta, na dawa inaishia kooni. Chombo cha kati, yaani kile chupa kinachowekwa baina ya pampu na mdomo, hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo, na kama hakipatikani, watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa tupu ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni isivuje, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chombo cha kununua. Tikisa pampu, weka midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja, vuta taratibu, bana pumzi kwa sekunde 10, kisha urudie kwa mdonyoo wa pili. Ukimaliza dawa ya steroidi, sukutua na uteme.

Sasa swali lako: ukipungua, pumu itaisha? Mzio hautaisha, lakini pumu itadhibitika kwa urahisi zaidi, na hilo lina ushahidi. Nchini Finland, wagonjwa wanene wenye pumu waliopunguza wastani wa asilimia 14.5 ya uzito wao kwa mlo maalumu wa wiki 8 walipata mapafu yenye nguvu zaidi na dalili chache, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Nchini Australia mwaka 2013 ilionekana kwamba hata kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 kuliboresha udhibiti wa pumu kwa zaidi ya nusu ya waliofika hapo. Kwako asilimia hizo ni kati ya kilo 4.5 na kilo 9, jambo linalowezekana kabisa. Hata hivyo, huko Vermont, Marekani, watu wanene wenye pumu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito walifuatiliwa, na wepesi wa njia zao za hewa kubana ulipungua kwa wale ambao IgE zao zilikuwa za kawaida, ilhali kwa wenye IgE ya juu, yaani wenzako, haukupungua kwa namna hiyo. Nafasi ya mapafu itarudi, yale makaa ya tumboni yatapoa, dawa itafanya kazi vizuri zaidi, lakini utitiri na mende wataendelea kuwa adui zako. Mtu akikuahidi kwamba ukifika kilo 62 utatupa pampu, usimsikilize.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana mtaalamu wa lishe ataeleza vizuri kuliko mimi. Watafiti wa Newcastle, Australia, waliwapa wagonjwa wa pumu mlo mmoja wenye mafuta mengi, na baada ya saa 4 nyutrofili ziliongezeka kwenye makohozi yao na dawa ya kutanua njia za hewa ikafanya kazi kwa udhaifu. Ni mlo mmoja tu, na hao walikuwa bado hawajanenepa kwa sababu yake. Sahani ya chipsi mayai ya usiku, basi, si suala la kilo peke yake kwa mtu mwenye kifua chako. Soda ya chupa ya mililita 350 hubeba sukari inayokaribia gramu 35. Ukiacha moja ya kila siku, na sukari ya chai ukaipunguza, utakuwa umeanza bila kugusa sahani. Maharage, kunde, mchicha, matembele na dona vibaki na viongezeke. Dawa za mitishamba za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni sizishauri, kwa kuwa hujui kilichomo.

Mazoezi yana faida ya peke yake, nje ya kilo. Watafiti wa São Paulo, Brazil, waliwaweka wagonjwa wanene wenye pumu wote kwenye mpango wa kupunguza uzito, nusu yao wakaongezewa mazoezi halisi, na hao ndio waliodhibiti pumu vizuri zaidi. Anza kwa kutembea dakika 10 asubuhi, kabla ya moshi wa taka na wa magari kujaa, ukipasha mwili taratibu. Na kama unabanwa ukitembea, vuta dawa yako ya dharura dakika 15 kabla. Wiki za kwanza utahema. Kuhema kunakotulia ndani ya dakika chache za kupumzika, bila mluzi kifuani wala kikohozi, ni kwa mwili usiozoea, si shambulio.

Chumbani, fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, anika godoro juani mara kwa mara, na kama uwezo upo, livalishe mfuko usiopitisha vumbi. Chakula kisilale wazi jikoni, na dawa ya mende ya kupuliza ipulizwe na mtu mwingine wewe ukiwa nje ya nyumba. Ya kutega ni salama zaidi kwako. Mweleze pia daktari wako iwapo unakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, au unapata kiungulia ukilala, kwa sababu yote mawili huja na unene, yote huamsha kifua usiku, na yote yana tiba yake.

Utakapokwenda kliniki, na usichelewe kwa kuwa kozi tatu za prednisolone kwa mwaka zinatosha kukupeleka kwa mtaalamu wa kifua, beba pampu zote ulizonazo, hata zilizokwisha, uwaonyeshe unavyovuta. Omba spirometri kabla na baada ya dawa, kipimo cha damu cha eosinofili na IgE, na sukari ya damu, kwa kuwa prednisolone na unene vyote huipandisha. Na ikitokea kabla ya siku hiyo ukashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo ikabadilika rangi, au midonyoo ya bluu isikupe nafuu hata ya saa chache, nenda hospitali wakati huohuo, ukiendelea kuvuta dawa njiani.